Aziza Ngongo, mwoka mikate wa Uvira anayeona haya kusifiwa

Saa moja na robo asubuhi, Aziza Ngongo anavua ndara zake mlangoni mwa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya Uvira na kuingia peku. Kichwani amejitwika beseni lililofunikwa kitenge. Mkononi ana chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Anatua mzigo wake, ananyoosha mgongo, kisha anasoma karatasi ndogo iliyobandikwa ukutani.

Wodi ina vitanda kumi na sita. Karatasi ile ameiandika muuguzi wa zamu, na ina namba za vitanda vya wagonjwa wasio na mtu. Leo ni sita.

Katika hospitali hii, chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani. Ndugu anayekaa naye, ambaye hapa huitwa garde-malade, ndiye anayempikia uani, anayemchotea maji na kumfulia. Asiye na ndugu humeza vidonge kwa tumbo tupu na kutazama sahani za wenzake.

"Umelala namna gani, mama?" Aziza anauliza kwenye kitanda cha kwanza. Anamega mkate kwa mikono, hatumii kisu. Msichana mwenye vidole vilivyofungwa bendeji, Aziza ndiye anayemchovyea mkate kwenye chai na kumlisha, tonge baada ya tonge, huku akimfuta kidevu kwa ncha ya khanga yake.

"Tunamwita Mama Mukate," anasema muuguzi André akiwa amesimama kando. "Miaka minne anakuja, mvua au jua. Muandike jina lake kwa herufi kubwa. Mungu anamuona huyu mama."

Aziza anainamisha uso kama mtu aliyekaripiwa mbele za watu.

Baadaye, akiwa ameketi kwenye benchi la saruji nje ya wodi, anaeleza sababu. Ana umri wa miaka sitini na moja, mwili mnene, sauti nzito yenye mkwaruzo, sauti ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau upesi.

"Hayo maneno ya Mungu ananiona, njo yananiogopesha," anasema, na "njo" kwa watu wa Uvira ni "ndiyo", kama "minye" ilivyo "mimi". "Ukitaka kuandika habari yangu, anza na redio. Kama hautaandika redio, basi usiandike kitu."

Ndilo sharti alilotoa kabla ya kukubali mazungumzo haya.

Aziza ni wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walivuka Ziwa Tanganyika enzi za biashara ya pembe na chumvi, wakaoa na kubaki Uvira. Baba yake alijenga matanuri mawili ya matofali nyuma ya nyumba yao, na Aziza alijifunza kukanda unga akiwa bado anasimama juu ya kreti ili aifikie meza. Alipoolewa na Djamali, fundi wa injini za boti, mume ndiye aliyehamia kwenye matanuri, si yeye aliyehamia kwa mume.

Kwa miaka thelathini na mmoja mkate wa kwa Mama Raïssa, kama wateja walivyomwita kwa jina la binti yake, uliliwa kuanzia Kalundu mpaka Kavimvira. Akina mama waliubeba kwa mabeseni hadi soko la Sange. Lakini haukuwa na jina hasa mpaka alipokuja Azarias.

Azarias alishuka kutoka Mulenge akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Watu wa kwao ni wafugaji wa huko milimani, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuleta maziwa mjini. Asubuhi moja alipomaliza kumimina maziwa alikaa akitazama wakandaji.

"Akaniambia, 'Mama, unga wako una kiu,'" Aziza anakumbuka. "Nikacheka. Muchunga ng'ombe ananifundisha unga! Nikamwambia, 'Haya, weye unyweshe.' Akaondoa maji, akatia maziwa, akaacha unga ulale mara mbili. Ile mikate ilitoka kama shavu la mutoto."

Huo ndio mkate wa maziwa uliomjengea Aziza jina. Azarias aliacha mitungi ya maziwa, akafunga aproni, na akabaki kwenye meza ya kukandia miaka kumi na mmoja. Alioa, akapata mtoto wa kiume, Ishema, na tangu hapo Aziza hakumwita tena kwa jina. Alimwita Baba Ishema.

Kuna jambo moja ambalo Aziza husita kabla ya kulisema. Djamali alipofariki, yeye alikaa ndani siku arobaini bila kugusa unga. Azarias alisimamia matanuri yote mawili. Hakuna mteja aliyerudi mikono mitupu hata siku moja, na kila jioni alikuja mpaka mlangoni, akasimama nje kwa heshima, akasema, "Mama Raïssa, kazi imekwenda. Pumzika."

"Siku arobaini," Aziza anarudia. "Hata ndugu zangu wa tumbo moja walichoka siku ya kumi."

Kisha vita vya milimani vikazidi. Mjini kukawa na misiba, na kila msiba ulikuja na maneno yake ya kuwalaumu wafugaji. Watu waliokuwa wakinunua maziwa kwa wafugaji wakaacha. Waliokuwa wakisalimiana wakaanza kupitana wakitazama chini.

Mtoto mmoja wa mtaa wa pili akatapika baada ya kula mkate. Vipimo vilionyesha malaria, lakini hakuna aliyesubiri vipimo. Kabla ya adhuhuri ya siku ile neno lilikuwa limeshafika bandarini: kwa Mama Raïssa kuna mtu wa juu, wa milimani, anayekanda, na anatia sumu.

Duka lililokuwa likitoa mikate mia tisa kwa siku likashuka hadi mia moja na kitu ndani ya juma moja. Akina mama waliokuwa wakipanga foleni na mabeseni walifika kona ya nyumba, wakachungulia, wakageuka. Mtu akarusha jiwe kwenye dirisha la mauzo.

Sadiki, kaka yake Aziza, ndiye aliyetoa shauri. "Nenda kwa redio," alimwambia. "Sema hakuna muntu wao kwako. Maneno yataisha."

"Na Baba Ishema?" Aziza aliuliza.

"Baba Ishema utamueleza kiisha. Yeye ni muntu mwelewa."

Aziza anasema alishika neno hilo, mwelewa, kama mtu anayeshika ukuta gizani. Hakumweleza Azarias kwanza. Hakumwomba akae nyumbani siku mbili tatu. Alivaa gauni lake la Idi, akapanda pikipiki, na saa nne asubuhi akakaa mbele ya kipaza sauti cha redio moja ya mjini.

Mtangazaji alimuuliza swali moja tu: ni kweli ana mfanyakazi kutoka milimani?

Anayarudia majibu yake neno kwa neno, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu yake.

"Nilisema, 'Hapana. Mukate wangu hauguswe na muntu wa kule juu. Hakuna hata mumoja kwangu, na hajakuwako.' Ningenyamaza hapo. Mutangazaji alikuwa ameshatosheka, alikuwa anataka kuweka muziki. Minye njo niliongeza. Nikasema, 'Hata maziwa yao siingizi mu nyumba yangu, kwa sababu sijui yana nini.'"

Kisha anaongeza: "Hakuna aliyeniuliza maziwa. Hakuna. Nilitoa mwenyewe, kama zawadi."

Wakati huo, nyuma ya nyumba, redio ilikuwa imewashwa kwenye rafu juu ya magunia. Ilikuwa imewashwa kila siku. Wakandaji hufanya kazi kwa muziki. Toussaint, ambaye leo ndiye anayeendesha matanuri yale, alikuwa upande wa pili wa meza.

"Tulisikia sauti ya mama, tukafurahi, tukaongeza sauti ya redio," Toussaint anasema. "Kiisha tukasikia maneno. Minye nilitaka kuzima, lakini mikono yangu ilikuwa na unga na nikaona kama nikizima itakuwa mubaya zaidi. Azarias hakuinua kichwa. Alikuwa anakata madonge ya mukate wa maziwa. Akaendelea kukata mpaka yakaisha. Akayafunika kitambaa. Akaninong'oneza, 'Uyape nusu saa, yasizidi.' Akanawa mikono mpaka viwiko, akatundika aproni, akatoka kwa mulango wa nyuma."

Aziza aliporudi, alikuta aproni ukutani na mikate tanurini. Ilipotoka, watu walikuwa wameshaanza kujaa dirishani. Maneno ya redio yalikuwa yamewafikia.

"Walinunua yote," anasema. "Mama mumoja alinusa mukate, akafunga macho, akasema, 'Sasa huu ni mukate safi, unajua mikono iliyoufanya.' Na kweli ilikuwa mikono yake. Donge kwa donge, yeye njo alikata. Minye nikapokea, nikasema asante, mama, karibu tena."

Juma lililofuata alimtuma mtu na mshahara wa Azarias wa mwezi mzima na gunia la unga. Mtu huyo alirudi navyo. Chumba alichopanga Azarias kilikuwa kitupu, na jirani alisema familia ilivuka mpaka kwenda Burundi kwa miguu, mke akiwa amebeba mtoto mchanga, Ishema akiwa amebeba sufuria.

Biashara ilirudi kama zamani. Aziza anataka hilo liandikwe pia, kwamba hakuacha kazi siku ile wala mwezi ule. Aliendelea kuuza mkate wa maziwa miaka miwili zaidi, na ulimlipa vizuri. Alichoshindwa ni kuula. Kila alipoutia mdomoni aliutema kwenye leso, akiwaambia watoto meno yanamuuma.

Dada yake mdogo alipolazwa kwa uvimbe tumboni, Aziza alikaa naye hospitalini majuma matatu kama garde-malade. Kitanda cha jirani kilikuwa na bibi wa Runingu aliyeletwa na majirani na kuachwa hapo. Siku ya pili Aziza akagundua kwamba bibi yule alikuwa akijifanya amelala kila wakati wa chakula, ili asionekane akitazama. Akamgawia wali. Kesho yake akaleta mkate.

Dada alipona na kurudi nyumbani. Aziza akaendelea kuja. Mwishowe akamwachia Toussaint matanuri, kwa makubaliano kwamba kila asubuhi yeye achukue mikate arobaini ya wagonjwa wa wodi zote. Unga wa mikate hiyo hununua kwa kodi ya vyumba viwili vya nyumba yake.

"Batu wanafikiri nilianza kwa moyo muzuri," anasema. "Nilikuwa natafuta pahali pa kuficha uso. Mugonjwa hakuulizi ulifanya nini jana. Anapokea, anasema Mungu akubariki. Nikapenda kuambiwa Mungu akubariki. Nilikuja kila siku kuambiwa."

Na watu walimwambia kwelikweli. Msikitini walimtaja. Wakristo wa kanisa la jirani walimletea sukari. Chama kimoja cha akina mama kilimpa cheti chenye fremu, na picha yake ikazunguka kwenye simu za watu.

Hayo yaliendelea mpaka mwezi wa pili mwaka huu, alipoletwa Mukarusanga.

Mukarusanga ni mama wa miaka sabini hivi kutoka milimani. Alivunjika paja alipokuwa akikimbia risasi usiku, akashushwa bondeni kwa machela na vijana waliopokezana siku mbili. Mpwa wake, Uwacu, huja kumwona anapoweza, lakini njia haimruhusu kila siku. Namba ya kitanda chake iliandikwa kwenye karatasi ya ukutani.

Aziza alimfikia kama anavyowafikia wote. "Umelala namna gani, mama? Shika, kula kidogo."

Mkono wa mama yule ulikuwa umeshanyooka. Ukasimama hewani.

"Sema tena," alisema.

"Nimesema kula, mama. Iko moto."

Mukarusanga aliurudisha mkono chini ya blanketi. "Hii sauti naijua. Weye ni ule mama wa redio. Mama wa mukate ambao haujaguswa na bantu betu."

Wagonjwa waligeuza vichwa. André, aliyekuwa akifunga kidonda kitanda cha pili, alicheka kwa wema. "Hapana, mama, umefananisha. Huyu ni Mama Mukate. Huyu hawezi kusema neno kama lile."

Aziza alikuwa amesimama pale, mkate mkononi. Neno moja lingetosha.

"Nikanyamaza," anasema. "Nikamuacha André anitetee. Nikaona mama yule ananitazama, anangoja niseme, na minye nikafunika beseni nikaenda kitanda kingine. Mara ya kwanza nilikana kwa sababu ya dirisha na mawe. Hii mara ya pili kulikuwa na nini? Bagonjwa tu. Bantu ambao hawawezi hata kuamka. Nilikana kwa sababu ya kupenda kuitwa muzuri."

Siku tisa hakuonekana hospitalini. Alituma mkate kwa pikipiki. Binti yake, Raïssa, alidhani ni presha na akataka kumpeleka kwa daktari. Aziza alimwambia ana aibu, na Raïssa akauliza, aibu ya nini, mama, mji mzima unakuombea.

Siku ya kumi akaja. Hakuanza na kitanda cha kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mukarusanga, akasimama miguuni pa kitanda, na kwa sauti ile ile ambayo kila mtu aliisikia akasema, "Mama, hukunifananisha. Ni minye."

Akaeleza yote: Azarias, siku arobaini, redio, maziwa, mikate iliyouzwa siku ile. André alisimama mlangoni na sindano mkononi. Mgonjwa mmoja akaanza kulia. Mwingine, mama wa mjini aliyekuwa amekula mkate wa Aziza majuma mawili, akageukia ukuta na kusema, "Sasa kosa ni nini? Ulisema ukweli wetu." Aziza anasema maneno hayo ya kumtetea yalimchoma kuliko matusi.

Mukarusanga alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapa kuna vitanda ngapi?" akauliza.

"Kumi na sita, mama."

"Redio ilifika Mulenge. Shiye tulikuwa tumekaa kwa jirani mwenye redio, batu kama makumi matatu, watoto wamo. Mutoto wa mwanangu aliniuliza, 'Nyanya, maziwa yetu yana nini?' Unakuja kutengeneza hilo mu chumba cha vitanda kumi na sita?"

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

Tangu siku hiyo Mukarusanga hajala mkate wa Aziza. Huchukua chai tu, na anakubali kuoshwa miguu. Kila asubuhi Aziza humwosha, na kila asubuhi mama yule humuuliza, "Umekwenda kwa redio?" Kwa miezi miwili jibu lilikuwa, "Bado."

Bado, kwa sababu Sadiki alikasirika na kumwambia atawaletea mawe upya. Bado, kwa sababu Toussaint ana wakandaji wanne, na familia zao zinakula kwa jina la mkate ule. "Minye sikumukataza," Toussaint anasema. "Nilimuomba tu aniambie mapema siku gani, nipunguze unga." Na bado, kwa sababu kumtaja Azarias hadharani bila ruhusa yake kungekuwa kosa la tatu.

Uwacu ndiye aliyemtafuta. Alimpata katika kambi moja ya wakimbizi nchini Burundi, ambako anakandia watu maandazi. Aziza alimpigia. Simu ilipokelewa, akajitaja.

"Baba Ishema," alisema, "nataka kurudi kwa redio niseme jina lako na kazi yako. Nisipopata ruhusa yako sitakutaja."

"Ishema iko na miaka kumi na mine sasa," Azarias alijibu. "Anajua ile siku. Alikuwa nje ya chumba, alisikia kwa redio ya jirani." Kisha akasema, "Sema, Mama Raïssa. Na useme maziwa yalikuwa safi."

Hakusema amemsamehe, na Aziza hakumwuliza. Alipotaka kuongeza neno la kuomba radhi, Azarias alimwambia kwa upole kwamba mafuta yake yanaungua, akakata simu.

Redio ile imempa nafasi Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi, dakika kumi. Mtangazaji ni mwingine, kijana, hakumbuki kitu. Alimuuliza mada ni nini, ili aiandike kwenye ratiba. Aziza akamwambia aandike "mkate".

Maneno yake ameyaandika kwenye daftari la shule na kuyasoma mbele ya Mukarusanga, ambaye humkatiza pale anapoona yanapinda. Alipoandika "mfanyakazi wangu mmoja", mama yule alimwambia afute aweke jina. Alipoandika "hali ya wakati ule ilitulazimisha", alimwambia afute yote.

Raïssa ameambiwa juzi. Alilia, kisha akasema atamsindikiza. Aziza amekataa. Atakwenda peke yake, kwa miguu, kupitia barabara kubwa, na atarudi kwa njia hiyo hiyo, ili mwenye neno la kumwambia asipate taabu ya kumtafuta. Jumamosi asubuhi atakuja hospitalini kama kawaida, kama watamfungulia mlango.

Anaulizwa kama haogopi kwamba akifika mbele ya kipaza sauti atatetemeka na kushindwa kusoma.

Aziza Ngongo anafunga kitenge juu ya beseni tupu.

"Nitatetemeka," anasema. "Iache sauti itetemeke. Siku ile sikutetemeka hata kidogo. Nilisema vizuri sana."